Mzigo Kabla ya Chuma

Kwa miaka mingi madereva wa malori yaendayo bara waliijua Kibaha kwa mizani kuliko kwa jambo jingine lolote. Kabla ya mizani ya Vigwaza kuanza kazi, lori lililotoka bandarini Dar es Salaam na shehena ya Zambia au Kongo lilipimwa pale kando ya barabara ya Morogoro, dereva akasubiri kuambiwa kama mzigo umezidi. Kusini yake, nyuma ya vilima vya Pugu, Kisarawe imejulikana kwa uzito wa namna nyingine, ule usiopita kwenye mizani ya serikali: magunia ya mkaa juu ya baiskeli, matita ya kuni, mihogo, ndoo za maji vichwani mwa akina mama. Wilaya hizi mbili za Pwani zimekaa mlangoni mwa jiji, na vitu vizito vilivyoingia au kutoka Dar es Salaam kwa nchi kavu vimepita kwa wingi mikononi, mabegani na vichwani mwa watu wake. Kwa hiyo anayetaka kujua yalikotoka maneno ambayo kijana wa Maili Moja au Mlandizi anayatumia jioni anaponyanyua vyuma, asianzie jimu. Aanzie barabarani.

Maoni yaliyozoeleka ni kwamba maneno hayo yote ni ya kuja. Msikilizaji anasikia seti, pushapu, sitapu, skwati, benchi, dambeli, na anahitimisha upesi kwamba mchezo umeshuka melini pamoja na lugha yake, Kiswahili kikawa mpokeaji tu. Hitimisho hilo lina nusu ya ukweli, na historia iko kwenye nusu iliyobaki. Asikilize tena, safari hii aache majina ya vifaa afuate vitendo: kunyanyua, kusukuma, kuvuta, kushusha, kukaza, kukamua, kupasha misuli moto, kuhema, kupumzika. Hivyo ni vitenzi vya nyumbani. Ninachodai ni kwamba ukanda huu ulikuwa na msamiati kamili wa uzito na wa kuukabili uzito kabla chuma cha kwanza cha mazoezi hakijaletwa. Kilichotoka nje ni hesabu: desturi ya kuugawa uzito mafungu mafungu, kuuhesabu kwa faida ya mwili wa anayeubeba, na kuuongeza kwa mpango. Maneno ya kigeni yameingia hasa pale hesabu ilipoingia.

Ushahidi wa kwanza uko kwenye njia za misafara. Mwezi Juni 1857 Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka Kaole, kusini kidogo ya Bagamoyo, wakakata nchi ya Uzaramo kwa kufuata bonde la mto Kingani, ambao leo tunauita Ruvu. Kitabu alichochapisha Burton mwaka 1860 kinaeleza kwa urefu habari za nchi hiyo na za wapagazi waliobeba mali zake. Mzigo ulipimwa kwa frasila, kipimo cha Bahari ya Hindi chenye ratili 35 hivi, karibu kilo 16, na frasila mbili zilihesabiwa kuwa mzigo mzito wa mtu mmoja. Hizo ni kilo 32 begani au kichwani, siku baada ya siku, kwa wiki nyingi. Kazi hiyo ilikuwa na lugha yake: kirangozi aliyetangulia mbele, posho iliyogawiwa, mzegazega wa mti wenye mzigo kila upande, ngata iliyozungushwa kwa nguo au majani ili mzigo usiume utosi. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwana wa nchi hiyo hiyo ya Wazaramo aliyekwenda kufundisha Kiswahili Berlin, aliandika habari za safari za bara katika kitabu kilichotolewa mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli. Ndani yake msomaji wa leo anakutana na watu waliojua uzito kwa undani ambao mwalimu wa jimu angeuonea wivu. Lakini tuzingatie frasila na ratili zilikuwa zinapima nini. Zilipima bidhaa na ujira. Mwili wa mpagazi haukuwa kwenye mizani, na hapakuwa na mtu aliyeandika daftarini kwamba mwezi huu ameweza kubeba zaidi ya mwezi uliopita.

Kuna vitenzi viwili vya kazi hiyo ambavyo nadhani vinastahili kuangaliwa kuliko vyote: kutwika na kutua. Kutwika ni kuuweka mzigo kichwani au begani, mwako mwenyewe au mwa mwenzako. Kutua ni kuushusha. Kutwika ni kitendo cha watu wawili mara nyingi kuliko cha mmoja. Mtu mwenye tita la kuni au ndoo iliyojaa anaweza kutembea nayo kilomita kadhaa, lakini kuitoa ardhini mpaka kichwani ni jambo jingine, kwa hiyo anamwita mpita njia: nitwike. Anayeombwa hakatai, hata kama hawajuani. Katika jimu hali hiyo hiyo ipo. Mtu anayelala kwenye benchi na chuma kizito juu ya kifua anamtaka mwenzake asimame kichwani pake, tayari kushika, na kauli inayotumika ni ya kawaida kabisa: nishikie. Kiingereza kimelazimika kumpa msaidizi huyo cheo na jina. Kiswahili kimeridhika na kitenzi chenye kiambishi cha mtendewa, kwa sababu kusaidiana chini ya mzigo hakukuwa ugunduzi wa jimu.

Ujuzi huu ulikuwa wa wanawake kuliko wa wanaume, jambo linalosahaulika kila historia ya nguvu inapoandikwa kwa picha za vifua vya wanaume. Misafara ilikoma, ndoo haikukoma. Mwaka 1986 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti wa G. M. O. Maloiy, C. R. Taylor na wenzao uliofanyika Kenya, ambao uliwapima wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wa Kikuyu wanaobeba mgongoni kwa kamba ipitayo kwenye paji la uso. Watafiti walikuta kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila matumizi yao ya nishati kuongezeka, na kwamba gharama ilianza kuonekana mzigo ulipozidi hapo. Kwa mwanamke wa kilo 60, hiyo ni kilo 12 anazotembea nazo kana kwamba hana kitu. Mwendo kama huo haupatikani kwa siku moja. Unatokana na mazoea ya tangu utotoni, na hapo ndipo neno letu la mazoezi linapoonyesha asili yake. Zoezi limetoka kwa kuzoea. Jina la Kigiriki lililozaa jimu linatokana na neno la uchi, kwa kuwa vijana wa Ugiriki ya kale walifanya michezo bila nguo; jina letu linatokana na mwili kulizoea jambo mpaka likawa jepesi. Ukiyaweka majina hayo mawili pamoja, la kwetu liko karibu zaidi na kile kinachotokea ndani ya msuli.

Kati ya mzigo na jimu ilisimama kambi. Mazoezi ya kupangwa, yenye filimbi na safu, yaliwafikia watu wa ukanda huu kupitia jeshi na shule. Keya, yaani jeshi la wakoloni Waingereza, polisi, na shule za misheni kama chuo cha Mtakatifu Andrea kilichohamishwa kutoka Kiungani, Zanzibar, kwenda Minaki, Kisarawe, katika miaka ya 1920, vyote vilikuwa na gwaride na michezo ya viungo. Lakini kilichoyasambaza maneno ya mazoezi mpaka kwa mtu wa kawaida ni Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa tarehe 10 Julai 1963, ambalo kambi yake ya Ruvu iko humu humu wilayani Kibaha. Baada ya sheria ya 1966 kuwalazimu wahitimu kulitumikia, na baada ya Mwongozo wa TANU wa 1971 kuupeleka mgambo kila wilaya, maelfu ya watu walirudi nyumbani na lugha moja ya mwili: mchakamchaka, kichurachura, pushapu, kuruta, afande. Neno la mwisho lilisafiri kutoka Kituruki kupitia askari wa Misri na Sudani. Kichurachura ni mali yetu, chura aliyerudufiwa mpaka akawa zoezi la kuruka ukiwa umechutama. Ni jina zuri kuliko majina mengi ya kigeni ya mazoezi, maana asiyewahi kuliona zoezi lenyewe analiona akilisikia tu.

Kambi iliacha urithi wa pande mbili. Iliwazoesha watu kuuhesabu mwili: afande akisema ishirini, ni ishirini, na anayesita kwenye kumi na nane anaanza upya. Hapo hesabu iliingia kweli kweli. Lakini iliingia kama amri, na mara nyingi kama adhabu. Kichurachura na pushapu vilitoka kambini vikaingia kwenye viwanja vya shule kama malipo ya kuchelewa au kupiga kelele, na kwa Watanzania wengi jambo la kwanza wanalokumbuka wakisikia maneno hayo ni mwalimu wa zamu. Naona hili limeigharimu nchi. Mtoto aliyejifunza kwamba kuutumia mwili ni kulipa kosa, akikua anahitaji sababu nzito sana ya kwenda kuulipia mwili huo ada ya mwezi. Jimu ilipokuja ilibidi ichukue vitendo vya adhabu na kuvifanya vya hiari, na kwa sehemu iliweza kwa kubadili sauti ya hesabu. Anayehesabu si afande tena. Ni mwenyewe, au rafiki anayemwambia bado mbili.

Hesabu hiyo ya hiari ndiyo iliyokuja na meli, na tarehe zake zinajulikana. Eugen Sandow, Mjerumani aliyezaliwa Königsberg mwaka 1867, aliuza mwili wake kwa picha, majarida na vifaa, na tarehe 14 Septemba 1901 aliandaa London mashindano makubwa ya watunisha misuli katika ukumbi wa Royal Albert, akiwa mwamuzi pamoja na mchongaji sanamu Charles Lawes na mwandishi Arthur Conan Doyle. Sandow alifundisha mapambo ya mwili. Aliyeleta hesabu ni mtu mwingine kabisa, daktari wa jeshi la Marekani Thomas DeLorme, aliyekuwa akiwatibu askari walioumia magoti na miguu mwishoni mwa Vita ya Pili ya Dunia. Mwaka 1945 aliandika kwamba wagonjwa walipona haraka zaidi waliponyanyua uzito mkubwa mara chache kuliko waliponyanyua mwepesi mara nyingi. Mwaka 1948, pamoja na Arthur Watkins, alipunguza zoezi hilo likawa mafungu matatu ya mara kumi: la kwanza kwa nusu ya uzito ambao mgonjwa anaweza kuunyanyua mara kumi, la pili kwa robo tatu, la tatu kwa uzito wote. Kijana wa Kibaha anayesema leo kwamba amepiga seti tatu za kumi kumi anatumia dawa iliyoanzia hospitalini kwa ajili ya majeruhi wa vita. Kwa nini aiite seti? Kwa sababu lilikuja na mpango wake. Tulikuwa na raundi ya ndondi, tulikuwa na fungu la sokoni, lakini hapakuwa na neno la kipimo ambacho hakikuwepo.

Watu wanaoona aibu kwa wingi wa maneno ya Kiingereza jimu wanasahau kwamba Kiingereza chenyewe kimeyashona maneno hayo kwa viraka. Dambeli kwa asili ni kengele bubu. Waingereza wa karne ya 18 walifanya mazoezi kwa kifaa kilichoiga uvutaji wa kamba za kengele za kanisani, bila kengele, na jina likabaki hata kifaa kilipobadilika. Mtindo mmoja wa kunyanyua katika mashindano unaitwa safi kwa sababu zamani chuma kilitakiwa kifike mabegani bila kugusa mwili, na jina limebaki ingawa sharti limekwisha. Kuna zoezi la kuinua chuma kutoka chini hadi mapajani lenye jina la kunyanyua kitu mfu, kisichosaidia. Hayo ni maneno ya kazi na ya kanisa yaliyohamishwa, kama yetu yalivyohamishwa kutoka njia ya misafara na kambi. Katika jimu nyingi za mitaani Tanzania kengele na chuma vinakutana kwa njia nyingine tena: rimu ya gari ambayo shuleni huning'inizwa mtini na kugongwa iwe kengele, jimu hufungwa kwenye bomba ikawa uzito. Penye barabara kuu na gereji, kama Kibaha, magia mabovu, ekseli na makopo ya rangi yaliyojazwa zege vimekuwa vyuma vya mazoezi kwa gharama ya kuomba tu. Kengele bubu ya Mwingereza ilikuwa jina tu. Ya kwetu ni rimu yenyewe.

Mpaka kati ya cha kwetu na cha kuazima unaonekana vizuri zaidi kwenye neno skwati. Kiswahili kina kuchutama na kuchuchumaa, na pengine hapana watu wanaokifahamu kikao hicho kuliko wa Afrika Mashariki, wanaopika, wanaofua, wanaopalilia na wanaozungumza wakiwa wamechutama. Mbona basi jimu ikaazima? Jibu limo ndani ya umbo la neno. Kuchutama, kusimama, kuinama: vitenzi vyenye mwisho huu vinataja hali ya mwili, jinsi ulivyokaa, na havitaji kazi inayohesabika. Aliyechutama anaweza kuwa anapumzika, na kwa kawaida ndivyo ilivyo. Skwati ni kushuka na kupanda na mzigo mgongoni, moja, mbili, tatu. Msemaji hakulikosa neno. Alilikataa lile alilokuwa nalo kwa kuwa lilisema jambo jingine. Akaazima jina, akalifunga kwa kitenzi cha kwetu kinachobeba kila kigeni: piga. Kama tunavyopiga simu, pasi, picha na mswaki, tunapiga skwati, pushapu na tizi. Hata viungo vya mwili vimeingia kwenye sentensi hiyo, mtu akasema leo napiga kifua, kesho napiga mgongo, na hakuna anayedhani kuna ugomvi.

Jina la mchezo wenyewe lina historia yake tofauti. Kiingereza kinauita ujenzi wa mwili, jina ambalo kwa kawaida hutajwa kuwa la Robert J. Roberts, mwalimu wa YMCA huko Massachusetts, katika miaka ya 1880. Sisi hatukulitafsiri, ingawa kujenga mwili ni maneno tuliyokuwa nayo. Nadhani sababu ni kwamba yalikuwa yameshachukuliwa. Kwa vizazi vya wanafunzi na vya akina mama wa kliniki, somo la lishe lilivigawa vyakula katika vile vya kujenga mwili, vya kutia nguvu na vya kulinda mwili, na kujenga mwili ni maharage, samaki, maziwa na mayai. Kwa mchezo wa jukwaani likachukuliwa neno jingine, kutunisha misuli, kutoka kwa kutuna, yaani kuvimba, neno ambalo pia hutumika kwa mtu aliyevimba kwa hasira. Jina hilo linataja maonyesho, halitaji kazi, na ndiyo maana magazeti hulitumia vizuri kwa nchi mbili zinazotishiana mpakani. Hukumu imo ndani yake: anayetunisha ana hadhira. Kwa kazi ya kila siku watu husema kunyanyua vyuma, jina lisilo na majigambo.

Sifa za mwenye mwili nazo zimebadilika kwa tabaka. Za zamani ni pandikizi la mtu, shababi, barobaro, na ile ya miraba minne inayomwona mtu kama umbo la hesabu, mpana sawa kila upande. Hizo zilimsifu mtu kwa alivyozaliwa au kwa umri wake. Baunsa ni sifa ya aliyejitengeneza, na imetoka kwenye ajira: mlinzi wa mlango wa disko na baa, cheo kilichogeuka kuwa jina la kila mwenye kifua kilichojaa, hata yule ambaye maishani hajamzuia mtu mlangoni. Kati ya tabaka hizo zilipita filamu. Mwaka 1985 zilitoka filamu ya pili ya Rambo na ile ya Commando ya Arnold Schwarzenegger, wakati ule ule ambao Tanzania ilianza kulegeza masharti ya biashara, na vibanda vya video vikawa shule ya maumbo kwa vijana wa miji midogo iliyokuwa haijaona televisheni, ambayo Tanzania Bara iliianza mwaka 1994. Picha ya Rambo ilichapwa hata kwenye mifuko ya plastiki, na mfuko ukaitwa rambo mpaka ulipopigwa marufuku mwezi Juni 2019. Mwili wa kutamaniwa ulifika sokoni ukiwa umebeba nyanya na dagaa.

Pingamizi zito dhidi ya hoja yangu ni hili: mzigo haukuwa mazoezi, ulikuwa mateso, na kuufanya babu wa jimu ni kuwapamba watu waliovunjwa migongo. Pingamizi hilo lina haki yake. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa Afrika Mashariki, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, na jina la kikosi cha Waingereza cha wabeba mizigo limebaki Dar es Salaam likiitwa Kariakoo. Sayansi nayo inaliunga mkono pingamizi. Msuli hukua kwa uzito unaoongezeka, mapumziko na chakula cha kutosha. Mpagazi alikuwa na uzito ule ule, kesho yake mwendo tena, na posho ambayo mara nyingi ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, chini ya kilo moja. Ndiyo maana picha za zamani za wapagazi zinatuonyesha wanaume wembamba, wenye kano, wasio na miraba minne. Lakini hoja yangu haisemi kwamba kazi ile ilikuwa michezo. Inasema kwamba lugha ya uzito ilitengenezwa humo, na jimu ilipokuja iliichukua lugha hiyo ikaigeuza upande: mzigo uliokuwa wa mwenye mali ukawa wa mwenye mwili. Bila kuyakumbuka mateso hayo, mgeuko huo hauna maana yoyote. Kijana anapolipa pesa ili apewe kitu kizito cha kunyanyua, anafanya jambo ambalo mpagazi wa Kingani asingelielewa, na anaweza kulifanya kwa sababu anapumzika anapotaka.

Wengine watasema kazi iliyobaki ni ya Baraza la Kiswahili la Taifa: litunge istilahi safi, seti na dambeli viondoke. Baraza hilo na lile la Michezo yote yaliundwa kwa sheria za mwaka 1967, na ushirikiano wao ungefaa, hasa kwa waamuzi na walimu wanaohitaji maneno ya kuandika. Lakini istilahi isiyojua tabaka hizi itaanguka. Neno la kuchukua nafasi ya skwati lisitoke kwa kuchutama. Neno la dambeli halihitajiki, limeshakuwa Kiswahili kwa matumizi. Panapohitajika jitihada ni kwenye misuli yenyewe, ambako tumeyaacha maneno mazuri yakafa. Kamusi za zamani zina tafu, nyama iliyojaa ya mkono au ya mguu, na shavu la mkono, na mtulinga kwa mfupa unaopita juu ya kifua kuelekea bega. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi asikie kazi kwenye tafu la mkono anaeleweka na bibi yake pia.

Msuli ni neno lililokwenda mbali kuliko yote. Linataja nyama ya mwilini, linataja pia nguo ya kiume ya kujifunga kiunoni, na kwa wanafunzi wa Tanzania kupiga msuli ni kujisomea kwa bidii, usiku mpaka usiku wa manane. Mahali panapofaa kulisikia ni Shule ya Sekondari Kibaha, iliyozaliwa na Kituo cha Nordic kilichoanzishwa kwa mkataba wa 1963 kati ya Tanganyika na nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden, kikakabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970, na ambayo kwa muda mrefu imepokea wanafunzi waliochaguliwa kwa vipaji vyao. Kilomita chache kutoka hapo, Mkuza, ziko shule za Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Katika mji mmoja mazoea ya mwili na mazoea ya akili yamekutana kwenye neno moja, na kwa wanafunzi hao halina utata wowote: kinachorudiwa kila siku kinakua.

Kilichobaki ni ndoo. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji, na chuma kitupu cha mashindano ya wanaume, kabla hakijawekwa uzito wowote, kina kilo 20 vile vile. Cha wanawake kina kilo 15. Maana yake ni kwamba mama wa Kisarawe aliyetoka kisimani na ndoo moja alikuwa na uzito mkubwa kuliko chuma ambacho mwanamke wa Olimpiki anaanzia. Mwezi Juni 2020 ulizinduliwa mradi wa maji wa Kibamba hadi Kisarawe, na maji yake yanatoka mtambo wa Ruvu Juu, Mlandizi, wilayani Kibaha, uliojengwa mwaka 1959 kwa ajili ya Dar es Salaam. Kwa miaka 60 mabomba yalielekea jijini huku Kisarawe ikibeba. Kaulimbiu ya serikali kwa miradi kama hiyo ilikuwa kumtua mama ndoo kichwani, na anayeisikia anatambua kitenzi cha misafara kikifanya kazi yake ya mwisho. Binti wa Kisarawe aliyezaliwa baada ya bomba hilo kufika huenda akaikuta jimu kabla hajaombwa na mtu yeyote njiani amtwike.